Sare na Maneno: Historia Fupi ya Nguo za Kuagiza kwa Pamoja katika Mwambao wa Rumonge

Kila inapokaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hukaa vikao vya kuagiza fulana. Kikao huanza na rangi, huenda kwenye saizi na michango, kisha hukwama kwenye maneno ya kuandikwa kifuani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hapo panapokwama pana historia ndefu. Mfano wetu ni mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hasa Rumonge, mji wa ndagala, mikeke na mawese ulio kusini mwa Bujumbura, ambako Kiswahili kilifika pamoja na mitumbwi na mizigo ya nguo, kabla ya vitabu vya sarufi.

Tuanze na mwagizaji mmoja mashuhuri. H. M. Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alipiga hesabu ya nguo za kununulia chakula cha watu 100: doti 10 kwa siku, yaani yadi 40. Kwa safari ya miaka miwili akakadiria yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki na yadi 5,200 za nguo za rangi. (Anayependa hesabu azidishe 40 kwa siku 730, jumla inatoka sawasawa.) Hesabu ilikuwa rahisi. Kilichomsumbua ni mapendeleo ya watu. Aliarifiwa kwamba kila nchi ina rangi yake: ushanga mweusi ulipokewa Ugogo lakini kwingine haukuwa na thamani, Unyamwezi walitaka mwekundu, na ule mkubwa ulioitwa sungomaji ulitakiwa Ujiji. Aliyekosea kuagiza alibebesha wapagazi mzigo usionunua hata muhogo. Novemba mwaka huohuo Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaambaa na mwambao huu wa Burundi mpaka kwenye mdomo wa mto Rusizi.

Walimu wa msamiati wana la kuokota hapa. Merikani ilipewa jina la nchi ilikofumwa. Doti, kwa wasafiri wa karne ya 19, ilikuwa kipimo cha shuka mbili, yadi nne. Leo mnunuzi wa kanga akisema doti anamaanisha vipande viwili mapacha. Bidhaa imebadilika, hesabu ya mbili imebaki.

Kanga ndiyo iliyoleta maneno. Ilienea pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na baadaye ikaanza kubeba methali na misemo, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 lilijulikana kwa alama yake, Mali ya Abdulla. Wafanyabiashara wa namna hiyo waliagiza kanga kutoka viwanda vya India na Ulaya, baadaye na Japani, na mafundi wa huko walichapa maneno ya lugha wasiyoijua. Herufi iliyokosewa kwenye agizo ilirudi Afrika Mashariki imechapwa mara elfu. Aidha, kiwanda hakikuandaa mchoro mpya kwa ajili ya doti tano. Kwa hiyo mwenye duka alilazimika kutafuta msemo mmoja ambao wanawake wengi wasiofahamiana wangekubali kuuvaa. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ya uhariri haijapewa heshima inayostahili katika historia ya fasihi yetu.

Kuvaa namna moja kwa makusudi kulistawi zaidi katika vyama vya ngoma. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, anaeleza jinsi Beni ilivyotoka miji ya pwani, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ikasambaa bara hasa kwa miguu ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sare ilikuwa roho ya mashindano hayo. Ikumbukwe kuwa neno lenyewe lina sura mbili: sare ni vazi la kufanana, na timu mbili zisiposhindana kwa mabao tunasema zimetoka sare. Katika nguo kama katika mchezo, hakuna aliyemzidi mwenziwe.

Lakini katika Rumonge kufanana huko hakujawa jambo jepesi. Kiswahili cha pale kina tabaka mbili. La kwanza ni la wavuvi, wafanyabiashara na Waislamu wa mwambao, ndugu wa lugha wa watu wa Ujiji, Uvira na mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura. La pili ni la uhamisho. Aprili 29, 1972 uasi ulianzia Rumonge na Nyanza-Lac. Mauaji makubwa ya Wahutu yaliyofanywa na jeshi yakafuata, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania, wengi wao wakaishi makambi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliorejea miongo kadhaa baadaye walirudi na watoto waliosomea Kiswahili, na wakakuta mashamba yao, yakiwemo ya michikichi, yana watu wengine. Kwa muda mrefu nchini Burundi kuitwa Mswahili kulibeba maana ya mtu wa mjini, Mwislamu, mjanja, pengine mgeni. Katika hali hiyo, maneno ya Kiswahili kwenye kifua cha kijana yangeweza kusomwa kama jibu la swali la alikotoka, hata kama yeye alitaka tu kutangaza timu yake. Kuingia kwa Burundi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 kuliipa lugha hii sura nyingine, ya shule na ya soko la kikanda. Sura ya zamani haikufutika siku hiyo.

Turudi kwenye fulana. Kuchapa kwa fremu ya wavu kunahitaji fremu moja kwa kila rangi, na gharama ya kuiandaa ni ileile ziwe fulana 10 au 100. Ndiyo maana watu huagiza kwa pamoja, na ndiyo maana maneno lazima yakamilike kabla ya arbuni kutolewa. Mwekahazina anaweza kubadilisha idadi ya saizi kubwa dakika za mwisho, herufi hawezi. Kwa kikundi cha Rumonge kuna swali la ziada: lugha yetu iitwe Kiswahili, kama tunavyoiita sisi, au Igiswahili, kama inavyoitwa kwa Kirundi, lugha inayozungumzwa na karibu kila Mrundi? Wapo watakaosema fulana ya siku ya Kiswahili iandikwe Kiswahili tu. Mimi ningeandika Kiswahili mbele na Kirundi mgongoni, na kila mwanachama aongeze kidogo kwa ajili ya fremu ya pili.