Waliofika Maweni

Kasingirima ni moja ya kata 19 za Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Iko upande wa Ujiji, mji uliokuwa umekwisha kuzeeka wakati reli ya Wajerumani ilipofika Kigoma mwaka 1914 na kuvutia biashara yote kwenye bandari mpya. Mama wa Kasingirima akishikwa na uchungu usiku, hospitali ya mkoa, yaani Maweni, haiko mbali naye. Mama wa Kagunga, kaskazini kabisa mpakani na Burundi, au yule wa Kalya, kusini, hutegemea kwanza mwenye boti, kisha hali ya ziwa. Vifo vya uzazi vilipozungumzwa, aliyefikiriwa siku zote alikuwa huyu wa mbali. Lawama zilipelekwa kwenye umbali, kwenye mila, kwa wakunga wa jadi. Katikati ya miaka ya 1980 swali jingine liliulizwa mkoani Kigoma: je, waliofika hospitali?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo ni lazima tuanze na watu waliokuwa zamu. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo wa kuhesabika, takriban 12. Mwaka 1963 mambo mawili yalianza Dar es Salaam: shule ya udaktari, na mafunzo ya kada mpya, daktari msaidizi. Mwanafunzi wa shule ya udaktari alitoka darasani. Daktari msaidizi alitoka kazini. Alikuwa tabibu aliyekwisha kutibu watu miaka kadhaa, akarudishwa masomoni kwa takriban miaka miwili, akafundishwa na upasuaji pia, pamoja na kumzalisha mama kwa operesheni. Mwaka 1964 mtaalamu Richard Titmuss na wenzake walitoa ripoti yao kuhusu huduma za afya za Tanganyika, wakasisitiza vijiji na kada za kati, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaipa hoja hiyo nguvu ya kisiasa. Tangu hapo mzigo wa thieta za wilayani ukaanza kuwaangukia madaktari wasaidizi.

Kwa mujibu wa utaratibu, daktari msaidizi alifanya kazi chini ya usimamizi. Msimamizi wake, daktari mwenye shahada, mara nyingi alikuwa mmoja kwa wilaya nzima, na huyo huyo ndiye aliyekagua zahanati, aliyehudhuria vikao vya wilaya na aliyesaini karatasi za dawa. Usiku wa manane msimamizi alikuwa jina tu kwenye ubao wa zamu. Uamuzi ulibaki kwa msimamiwa.

Na uamuzi wenyewe si mdogo. Mama amekuwa leba tangu jana. Kichwa cha mtoto hakishuki, njia haijaongezeka kwa saa nne, mkojo umeanza kuwa na damu. Huu ni uchungu pingamizi, na ukiachwa, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Kumpasua mama mapema bila sababu ni kumwachia kovu litakalokuwa hatari katika kila mimba inayofuata, tena huenda akajifungua mbali na thieta. Kuchelewa ni kumpoteza yeye na mtoto. Kabla ya kisu kuna maswali mengine: nani atatoa dawa ya usingizi, damu ipo, ndugu wa kuchangia damu wako nje au wamerudi nyumbani, taa itadumu? Mtu anayesema kazi hii ni ya mikono hajawahi kuiona. Sehemu kubwa ni kujua wakati.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa hospitali zote za serikali. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, fedha za kigeni hazikuwapo, na mwaka 1986 nchi ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kigoma ilikuwa mwisho wa reli. Dawa zilizopungua Dar es Salaam zilifika huku zikiwa zimepungua zaidi, kama zilifika.

Hapo ndipo anapoingia Godfrey Mbaruku, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, aliyefanya kazi katika hospitali ya mkoa. Kabla ya kubadili lolote alirudi kwenye kumbukumbu za miaka ya 1984 hadi 1986. Alichokikuta kwanza ni kwamba vifo havikuwa vimeandikwa ipasavyo. Kwa yeyote aliyepata kushika rejista za wodi, hilo halishangazi. Mama anayefia leba huhesabiwa. Anayefia wodi ya wanawake kwa usaha wa mimba iliyoharibika, au wodi ya upasuaji siku ya kumi baada ya operesheni, huenda akaandikiwa ugonjwa tu, neno mimba lisitajwe. Hesabu ilipotengenezwa upya ilitisha: vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni sawasawa na kifo kimoja katika kila vizazi 107 hivi. Na hao walikuwa wamefika hospitali.

Mwaka 1987 una bahati yake katika historia hii. Mwezi Februari, jijini Nairobi, mashirika ya kimataifa yalizindua mpango wa Uzazi Salama. Miaka miwili nyuma, Allan Rosenfield na Deborah Maine walikuwa wameuliza, katika jarida la Lancet, kwa nini huduma za mama na mtoto zinamsahau mama. Dunia ikaanza kuzungumza. Kigoma, mwaka huo huo, ikaanza mpango wake wa mambo 22, na ukiyasoma leo unastaajabu jinsi yasivyo na makuu. Vikao vya mara kwa mara vya kujadili kila kifo. Ratiba ya kutengeneza vifaa. Mafunzo ya wafanyakazi hapo hapo kazini. Taratibu za namna ya kumhudumia mgonjwa na wakati wa kumpa rufaa. Damu. Viuavijasumu. Kipimo cha kuotesha vijidudu ili dawa isitolewe kwa kubahatisha. Kitengo kidogo cha kutengeneza dripu pale pale hospitali. Uchangishaji wa fedha kwa wenyeji. Malalamiko ya wananchi kuhusu huduma, ambayo sasa yalisikilizwa kama sehemu ya kazi. Hata umbali kati ya nyumba za wafanyakazi muhimu na hospitali ulijadiliwa, kwa maana ustadi wa mtu wa dawa ya usingizi haumsaidii mgonjwa ikiwa mwenyewe analala mbali na hakuna wa kumfuata.

Kwa maoni yangu kitu kikubwa katika orodha hiyo ni kile cha kwanza. Kikao cha kujadili kifo kinabadili maana ya usimamizi. Daktari msaidizi aliyekuwa zamu anaeleza alichokiona saa mbili usiku, mkunga anaeleza alimwita saa ngapi, mtu wa maabara anaeleza damu ilichelewa wapi. Bingwa naye anaeleza alikuwa wapi. Kikiendeshwa kwa kutafuta wa kumwadhibu, kesho yake rejista zitaanza tena kuwa na mapengo. Kikiendeshwa kwa kutafuta saa iliyopotea, aliye chini na aliye juu wote wanasimamiwa na kitu kimoja, yaani kumbukumbu ya yule mama.

Kufikia mwaka 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Mbaruku na Msweden Staffan Bergström walichapisha matokeo hayo mwaka 1995. Tahadhari inafaa hapa. Hiyo ni hospitali moja, na katika hospitali moja vifo vichache huweza kupandisha au kushusha uwiano kwa kiasi kikubwa. Wala haisemi chochote juu ya waliofia kijijini au ndani ya boti. Lakini mwelekeo wa miaka mitano si wa bahati, hasa katika kipindi ambacho hospitali hazikuwa zikitajirika.

Bergström alikuja na uzoefu wa Msumbiji. Huko, baada ya uhuru wa mwaka 1975, madaktari wengi Wareno waliondoka, na mwaka 1984 serikali ikaanza kufundisha mafundi wa upasuaji wasio na shahada ya udaktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliangalia operesheni 2,071 za uzazi katika Hospitali Kuu ya Maputo, ukalinganisha kazi ya kada hiyo na ya mabingwa. Tofauti zilikuwa ndogo mno. Tanzania ilikuwa na madaktari wasaidizi tangu 1963, lakini nani alikuwa amewapima?

Walipimwa mwaka 2006, katika hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Colin McCord, mpasuaji wa Kimarekani, pamoja na Mbaruku, Bergström na wenzao walipitia kumbukumbu za akina mama 1,134 waliopata matatizo ya uzazi, na operesheni kubwa 1,072. Nyingi kabisa zilikuwa zimefanywa na madaktari wasaidizi. Matokeo yao na ya wenye shahada hayakuwa na tofauti ya maana. Habari hiyo, iliyochapishwa mwaka 2009, ilipokelewa ughaibuni kama ugunduzi. Kwa manesi wa Kigoma nadhani haikuwa habari.

Wakati huo huo Mbaruku na mtafiti mwenzake Margaret Kruk walikuwa Kasulu, wakiwauliza wanawake wangependa kujifungulia wapi na kwa nini. Yaliyopewa uzito zaidi yalikuwa mhudumu mwenye heshima, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Shahada ya mhudumu haikuongoza. Ni jibu linalonirudisha kwenye yale malalamiko ya wananchi ya mwaka 1987. Dharau ya mhudumu ilimbakisha mama nyumbani mpaka akawa mahututi, kisha tukasema amechelewa.

Tangu mwaka 2006 fedha za Bloomberg Philanthropies zilisaidia kupeleka upasuaji katika vituo vya afya, karibu zaidi na watu, na baadaye shirika la Thamini Uhai likabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo mkoani Kigoma. Madaktari wasaidizi walipewa mafunzo ya miezi mitatu ya dharura za uzazi, manesi na matabibu wakafundishwa dawa ya usingizi, na mabingwa wakawa wakiwatembelea na kuwasikiliza kwa simu. Kati ya mwaka 2013 na 2018 vifo vya uzazi katika hospitali, vituo na zahanati za mkoa vilishuka kutoka 303 hadi 174 kwa kila vizazi hai 100,000. Mbaruku, aliyekuwa kiongozi katika Taasisi ya Afya ya Ifakara, alifariki mwaka 2018.

Baadaye serikali ilisitisha mafunzo ya kada ya daktari msaidizi, kwa kuwa vyuo vikuu sasa vinatoa madaktari kwa mamia. Hoja yake inaeleweka, na wapo wanaoipinga. Mhitimu wa leo hupitia mwaka mmoja wa utarajali, akizunguka wodi ya wazazi kama zinavyozungukwa nyingine, na sheria inamtaka asimamiwe. Katika hospitali nyingi za mikoani aliyesimama upande wa pili wa meza ya upasuaji, akimwelekeza mtarajali aanzie wapi kukata na asiguse wapi, ni daktari msaidizi mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini. Mwaka ujao kijana huyo akipangiwa wilaya, kwenye muundo wa utumishi ndiye atakayekuwa msimamizi wa watu wa kada iliyomfundisha.