Kupona au Hashima? Jina la mtoto kutoka utenzi wa 1858



Kuna mteja wangu nilimshonea gauni la harusi mwaka jana. Juzi kaja dukani na mtoto wa kike wa siku nne, mwenyewe kanuna. Anataka kumwita Kupona, mavyaa wake hataki hata kulisikia. "Mtoto mzima wa afya, anapona nini?" Akika imekaribia na nyumba haisemezani.

Nikamwambia kaa kitako, tumjue kwanza mwenye jina.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa bibi wa kisiwa cha Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya. "Mwana" ni neno la heshima kwa mwanamke. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, na alipambana na Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Mwaka 1858 Mwana Kupona alikuwa mjane, na maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Akaona asije akaondoka bila ya kumuusia mwanawe. Akatunga utenzi wa beti zaidi ya 100: ashike dini, awe na adabu na ulimi mwema, nyumba iwe safi, mume awe radhi naye. Haikupita miaka kumi akafariki. Jina lake Kupona, lakini hakupona. Kilichobaki ni wosia. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa kitabu Uingereza, na mpaka leo maharusi wanausiwa kwa maneno yake.

Katika dini tunaangalia maana. Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina mwanamke ambaye jina lake lilikuwa na maana ya muasi, akamwita Jamila. Kupona halina ubaya huo. Lakini bibi naye ana haki ya kumwita mjukuu wake kwa moyo mkunjufu.

Mteja wangu akauliza, "Huyo binti aliyeusiwa aliitwa nani?"

Mwana Hashima.

Akanyamaza. Usiku akanipigia simu: mavyaa kakubali, kasema Hashima linamkumbusha Hashim, ukoo wa Mtume. Akika imechinjwa Ijumaa.

Basi shoga, ukilipenda jina la kitabuni, yajue kwanza maisha ya mwenyewe, kisha wahadithie wakwe zako kabla ya siku ya saba. Huenda wanachokikataa ni kitu ambacho hawajaelezwa.