Kina cha Hewa: Milima Nyuma ya Mona Lisa

Mwaka 2012 jumba la makumbusho la Prado, Madrid, lilionyesha nakala yake ya Mona Lisa ikiwa imesafishwa. Kabla ya hapo, mwanamke wa nakala hiyo alikuwa amekaa mbele ya weusi mtupu, kama aliyebandikwa ukutani. Mafundi walipoondoa rangi nyeusi iliyopakwa miaka mingi baada ya picha kukamilika, ikaibuka njia, yakaibuka maji, kisha safu za milima ya samawati. Mwanamke ni yule yule, ila sasa nyuma ya mabega yake pana mwendo wa siku nzima.

Kilichorudi pale ndicho Leonardo da Vinci alichokiita katika maandishi yake prospettiva aerea. Tafsiri ya haraka ni “mtazamo wa angani”, nami naikataa. Msomaji ataielewa kuwa ni picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Isitoshe, neno mtazamo tumeshalibebesha maoni, msimamo, hata itikadi. Napendekeza kina cha hewa: kina, kwa kuwa lengo ni kuufanya ubao bapa uonekane una ndani, hewa, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Namna inavyofanya si siri. Hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, jambo ambalo mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza mwaka 1871. Kati ya jicho na mlima wa mbali mna kilomita nyingi za hewa hiyo inayong'aa kidogo, na mng'ao wake hutanda juu ya kila kitu kilicho nyuma yake. Vivuli ndivyo vya kwanza kupoteza weusi, kingo zinalegea, kijani cha msitu kinageuka samawati. Aliyeitazama Usambara kutoka barabara kuu ya Korogwe anaijua hali hiyo. Vumbi la kiangazi likizidi, milima hupauka badala ya kuwa samawati, kwani chembe kubwa hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Mwezini, kusiko na hewa, wanaanga wa Apollo walipata taabu kukadiria umbali: kilima cha mbali kilionekana kikali kama jiwe la karibu.

Leonardo aliweka hata kipimo: jengo lililo mbali mara tano, lipake buluu mara tano zaidi. Ni kanuni ya kuanzia tu, maana hewa ya kila siku ina unene wake.

Kwa anayechora sura ya mtu kwa rangi za mafuta, kazi iko kwenye kuchanganya. Rangi ya ardhi ya karibu huongezewa nyeupe na buluu kidogo kidogo, safu baada ya safu, na weusi mzito huwekewa nywele, macho na nguo za anayechorwa. Mafuta ya kitani hukauka taratibu, hivyo ukingo wa mlima unaweza kulainishwa kwa brashi kavu bila haraka. Wanafunzi wengi huharibu hapa. Wanaupa mlima theluji nyeupe pe na majabali ya kwenye kalenda, kisha wanashangaa mlima umesogea mbele na kumkalia mtu begani.

Kina cha hewa kisichanganywe na sfumato, yaani ule ulainishaji wa mpaka wa nuru na kivuli kwenye pembe za mdomo na macho ya Mona Lisa. Huo hauhitaji umbali wowote.

Picha yenyewe, iliyoko Louvre, ni ubao wa mpopla wenye kimo cha sentimita 77 na upana wa 53. Chini, njia na daraja vina kahawia ya joto. Kadiri jicho linavyopanda, rangi zinapoa hadi majabali yanakaribia kuyeyukia angani. Ila vanishi yake imegeuka manjano kwa umri, na samawati ya Leonardo leo inaelekea kijani. Anayetaka kujifunza uwiano wa rangi za milima ile atafaidika zaidi kwa kuiweka nakala ya Prado kando yake.