Farasi 25 na Ukuta wa Berlin

Wadau, leo naomba siasa zetu tuziweke pembeni kidogo. Kuna swali nalisikia kila ninapopita kwenye gereji za pikipiki: injini hii ikichokonolewa vizuri inatoa farasi wangapi? Kila fundi ana jibu lake, na jibu lenyewe hupanda kadiri ubishi unavyonoga. Kazi yangu ni ya gazetini, na huko tunafundishwa kwamba mtu akikutajia namba, muulize kwanza ameipimaje. Kwa hiyo leo nawasimulia habari za namba moja tu, 25, ambayo ilichangia mtu kuikimbia nchi yake, ikawafungulia Wajapani njia ya ubingwa wa dunia, na ikamwacha aliyeihangaikia miaka yote bila taji.

Tuanze na farasi mwenyewe. Kipimo hiki kilienezwa na James Watt, yule Mskochi wa mashine za mvuke, katika karne ya 18. Alikadiria kwamba farasi mmoja anaweza kuinua ratili 33,000 kwa futi moja ndani ya dakika moja. Watt alikuwa mfanyabiashara, na alitaka mteja aelewe mara moja mashine yake itachukua nafasi ya farasi wangapi. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony akabuni njia ya kupima kwa haki: unaubana mhimili wa mashine kwa breki yenye mkono mrefu, kisha unapima mkono ule unasukumwa kwa uzito gani huku ukihesabu mizunguko. Dainamomita za leo, pamoja na kompyuta zake zote, ni wajukuu wa breki ile.

Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Hakuna kifaa kinachosoma farasi moja kwa moja. Kinachopimwa ni msokoto wa mhimili na mizunguko yake kwa dakika, halafu unazidisha. Ukichukua msokoto kwa newton-mita, ukauzidisha kwa mizunguko, ukagawanya kwa 7,024, unapata farasi wa Kijerumani, ambaye ana wati 735.5 na ni mdogo kidogo kuliko yule wa Waingereza. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Sasa twende Zschopau, mji mdogo wa Saxony. Hapo ndipo ilipokuwa DKW, kampuni iliyoanzishwa na Mdenishi Jørgen Skafte Rasmussen na ambayo kabla ya Vita vya Pili iliongoza duniani kwa kutengeneza pikipiki. Vita vilipokwisha kiwanda kikaangukia upande wa Warusi, na baadaye kikaitwa MZ. Ndiyo, ni Ujerumani Mashariki ile ile iliyotusaidia kujenga maghorofa ya Kilimani kule Zanzibar. Mwaka 1953 idara ya mashindano ya kiwanda ikakabidhiwa mhandisi Walter Kaaden, ambaye wakati wa vita alifanya kazi kwenye makombora ya Henschel.

Kaaden hakuwa na fedha wala vyuma vya kifahari. Alichokuwa nacho ni injini za tustroki, zile za kuchanganya petroli na oili, ambazo wakubwa wa mashindano walizidharau. Ubaya wa injini hizo unajulikana. Tundu la kutolea moshi na matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya huwa wazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo petroli nyingine inatoka na moshi kabla haijaungua.

Dawa aliyoifanyia kazi ilikuwa kwenye ekzosi. Kila tundu la moshi linapofunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika sehemu bomba linapotanuka, hurudisha mvuto unaosaidia kufyonza silinda. Likifika mwisho, bomba linapobanwa tena, hurudi na msukumo unaorudisha ndani ule mchanganyiko uliotaka kutoroka. Wazo la ekzosi ya namna hiyo halikuwa la Kaaden peke yake, lakini yeye alilifuatilia kwa uvumilivu wa ajabu. Aliyatazama mawimbi hayo kwenye osiloskopu, akabadili vipimo vya bomba, akafunga breki tena, akapima upya.

Mawimbi hayo yana saa yake. Injini ikizunguka mara 10,800 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua chini ya milisekunde sita, na wimbi lazima liwe limekwenda na kurudi ndani ya sehemu tu ya muda huo. Bomba lililopimwa kwa mwendo huo halifai kwa mwendo mwingine. Ndiyo maana injini ya namna hii hulala kama imekufa, halafu ghafla inaruka. Masikio yakisikia mruko ule hudhani nguvu imeongezeka maradufu. Sikio si mzani.

Kufikia 1961 injini ya Kaaden ya cc 125 ilitoa farasi 25 kwenye mizunguko 10,800. Tuikague kama waandishi wa habari. Pistoni yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 54 na mwendo wa milimita 54, yaani ujazo wa karibu cc 124. Hiyo ni farasi 200 kwa lita, na hutajwa kuwa injini ya kwanza kufika hapo bila kusukumiwa hewa kwa mashine nyingine. Rudisha hesabu yetu nyuma: msokoto ni kama newton-mita 16. Wastani wa mgandamizo unaofanya kazi juu ya pistoni unakuja karibu bar 8, na kasi ya wastani ya pistoni ni mita 19 na ushee kwa sekunde. Yote ni makali, lakini yanawezekana. Namba inasimama.

Aliyeiendesha alikuwa Ernst Degner, mhandisi na mpanda pikipiki hodari. Msimu ule wa 1961 alishinda Hockenheim, Sachsenring na Monza, akawa anaongoza mbio za ubingwa wa dunia wa cc 125. Lakini tarehe 13 Agosti ukuta ulianza kujengwa Berlin. Tarehe 17 Septemba, kwenye mashindano ya Kristianstad, Sweden, injini yake ikafa mapema. Degner hakurudi nyumbani. Alivuka kupitia Denmark hadi Ujerumani Magharibi, na mkewe na watoto wake wawili walitoroshwa wakiwa wamefichwa kwenye buti la gari. Ubingwa ukachukuliwa na Tom Phillis wa Honda.

Degner alikuwa amekwisha elewana na Suzuki, ambao mwaka ule tustroki zao zilikuwa zinaachwa mbali. Akaenda Japani na ujuzi wa Zschopau. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50, taji la kwanza la dunia kwa tustroki. Mwaka 1963 aliungua vibaya kwenye ajali Suzuka, na alifariki mwaka 1983. Kona moja ya uwanja ule bado ina jina lake. Kaaden alibaki MZ, akafariki mwaka 1996. MZ haikupata ubingwa wa dunia kamwe, wakati tustroki zilitawala mashindano makubwa hadi Valentino Rossi alipochukua taji la mwisho la cc 500 mwaka 2001.

Sasa tujiulize, Suzuki walinunua nini? Farasi 25 hawakuwa siri. Siri ilikuwa njia ya kufika pale: vipimo vya bomba, matundu, na majaribio ya miaka minane mbele ya breki. Namba bila njia yake ni hewa.

Kwa hiyo fundi akikwambia ameongeza nguvu ya pikipiki yako mara mbili, usibishane naye. Muulize mambo matatu. Imepimwa wapi, kwenye injini au kwenye gurudumu? Kwenye mizunguko mingapi? Na kasi ya mwisho imepanda kiasi gani? Upepo hudai nguvu kwa mchemraba wa kasi, hivyo nguvu ikiongezeka maradufu kweli, kasi ya mwisho hupanda kama robo tu: iliyokuwa inaishia 100 itakwenda 126 hivi, gia zikiruhusu. Akishindwa kujibu yote matatu, basi ujue farasi wake wanaishi mdomoni.

Na swali hilo lisiishie gereji. Peleka hata kwa wenye takwimu zao majukwaani. Tafakari.