Baka Lisilowasha

Wahenga walituachia usemi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Leo nataka tuzungumzie maradhi ambayo huumbua watu wakiwa hai, tena kwa sababu mbili: mgonjwa huyaficha kwa hofu, nayo maradhi yenyewe hujificha kwa sababu hayaumi.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja aliniandikia kuhusu mwanawe wa miaka 11. Mtoto alitokwa na baka mkononi, juu kidogo ya kiwiko, rangi yake imefifia kuliko ngozi nyingine. Mama akadhani ni choa. Akanunua dawa ya kupaka katika duka la dawa, ikaisha, akanunua nyingine, ikaisha. Jirani akamletea mizizi ya kusaga. Kwa kuwa baka lenyewe halikuwasha wala kuuma, hatimaye wakaliacha. Ikapita karibu miaka miwili. Jioni moja mtoto akaegemea sufuria iliyokuwa jikoni, ngozi ikaungua mpaka ikatoka malengelenge, naye akaendelea kucheka na wenzake. Hapo ndipo mama aliposhtuka. Hospitalini aliambiwa mwanawe ana ukoma.

Mwisho wa barua yake ameuliza swali moja: "Hivi ugonjwa huu bado upo?"

Mama yangu, upo. Lakini ili nikujibu inavyostahili, sina budi kurudi nyuma, maana swali lako lina historia ndefu.

Kwanza tuangalie majina. Kiswahili kina maneno mengi ya maradhi haya: ukoma, matana, jedhamu. Na lipo jingine, balanga, ambalo kwa wengine ni ukoma na kwa wengine ni yale mabaka meupe ya ngozi kupoteza rangi yake, ambayo hayaambukizi na si ukoma hata kidogo. Mkanganyiko huo si wetu peke yetu. Katika Biblia, kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13, kuhani ndiye aliyepewa kazi ya kukagua ngozi za watu na kuwatenga walioonekana najisi, na wataalamu wa siku hizi wanakubaliana kwamba neno linalotafsiriwa humo kuwa ukoma lilikusanya magonjwa ya ngozi ya kila namna. Kwa karne nyingi, basi, mtu mwenye balanga na hata mwenye mba aliweza kutengwa kwa kosa la mwingine.

Aliyefungua mlango wa kuyatenganisha ni daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen. Mwaka 1873, mjini Bergen, aliona kwa hadubini vijidudu vyembamba kama vijiti katika vipande vya nyama alivyovitoa kwa wagonjwa. Hadi wakati huo wakubwa wengi wa tiba waliamini ukoma ni wa kurithi, unakwenda na damu ya ukoo. Hansen alisema unaambukiza, na alikuwa sahihi. Lakini ugunduzi huo ulikuja na mzigo wake. Mwaka 1897 wataalamu walikutana Berlin, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa ukoma, na kwa kuwa hawakuwa na dawa, wakaazimia kwamba njia bora ya kuuzuia ni kuwatenga wagonjwa. Ulikuwa ndio wakati ambapo Wazungu wanaweka himaya zao katika Afrika, na azimio hilo likasafiri nao.

Katika Afrika Mashariki, kazi ya kuwatenga wagonjwa na kuwatunza iliangukia zaidi mikononi mwa wamisionari. Uganda, mwaka 1931, daktari Mwingereza Leonard Sharp alianzisha makazi ya wenye ukoma katika kisiwa cha Bwama, ndani ya Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale. Walijengewa nyumba, kanisa na hospitali, wakapewa mashamba. Lakini kisiwa ni kisiwa, maji yamekuzunguka pande zote. Buluba na Nyenga nako masista wa Kikatoliki walifungua makazi ya namna hiyo katika miaka hiyo ya 1930. Kenya ilikuwa na Alupe, kule Busia. Na kwetu Tanzania, katika bonde la Rufiji, jirani na Utete, kipo kijiji cha Kindwitwi, ambacho padri wa Kianglikana, Robin Lamburn, alikitumikia tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwasaidia watu waliokataliwa na jamaa zao wajitegemee kwa kilimo na ufundi.

Tusiwaonee wale waliojenga makazi hayo. Wengi wao waliwagusa watu ambao hakuna mtu mwingine aliyetaka kuwagusa. Isipokuwa dawa waliyokuwa nayo ilikuwa duni: mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra kutoka Asia, yaliyodungwa kwa sindano kwa miezi na miaka, yenye maumivu makali na faida haba. Mgonjwa akiingia kambini hakujua atatoka lini, wala kama atatoka.

Hapa naomba nimtaje mzee mmoja wa nyumbani kwetu. Babu yangu mdogo, ndugu wa babu mzaa baba, aliishi katika kibanda pembezoni mwa shamba letu. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vifupi, na nyusi hakuwa nazo. Sisi watoto tuliambiwa aliungua moto. Alikuwa na kikombe chake cha bati, sahani yake na kigoda chake, na hakuna mwingine aliyevitumia. Nimekua, nimesomea uandishi wa habari, ndipo baba aliponieleza kwamba mzee alikuwa na ukoma, akatibiwa katika miaka ya 1960, akapona kabisa. Nikamuuliza: kama alipona, kikombe kilitengwa kwa nini? Baba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndivyo tulivyokuta."

Dawa iliyomponya babu ni dapsone. Tangu mwaka 1941 madaktari wa hospitali ya Carville, huko Louisiana, Marekani, walikuwa wamethibitisha kwamba dawa za jamii hiyo zinaudhoofisha ukoma, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1940 dapsone yenyewe ikaanza kutolewa kwa vidonge. Ilikuwa rahisi na ya bei ndogo. Mgonjwa sasa aliweza kulala kwake na kufuata vidonge kliniki. Tatizo ni kwamba ilibidi avimeze kwa miaka mingi, wengine maisha yao yote, na mwaka 1964 ikathibitishwa huko Malaysia kwamba vijidudu vimeanza kuizoea.

Ndipo mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko wa dawa tatu: rifampicin, clofazimine na ileile dapsone. Mchanganyiko huo umebadili kila kitu. Mwenye mabaka yasiyozidi matano hutibiwa kwa miezi 6, mwenye zaidi ya hapo miezi 12, kisha basi. Vidonge hufungwa katika pakiti ya siku 28, na dozi ya kwanza ya kila pakiti humezwa mbele ya mhudumu. Mkojo huweza kuwa mwekundu kwa muda, na ngozi huweza kuwa nyeusi zaidi. Hayo ni ya dawa, hupita, wala si sababu ya kuacha. Muda mfupi baada ya kuanza kumeza, mgonjwa hawezi tena kumwambukiza mwingine. Na tangu mwaka 1995 dawa hizi zinatolewa bure duniani kote kupitia Shirika la Afya Duniani.

Sasa nakuja kwenye kiini cha swali la mama. Mwaka 1991 mataifa yaliazimia kwamba ifikapo mwaka 2000 ukoma usiwe tena tatizo la afya ya jamii, yaani wawe chini ya mgonjwa 1 katika kila watu 10,000. Dunia kwa ujumla ilifikia kiwango hicho mwaka 2000, na Tanzania ikakifikia mwaka 2006. Ni ushindi mkubwa. Lakini wengi wetu tulisikia neno "kutokomeza" tukadhani umekwisha. Haukwisha. Mwaka 2019 dunia iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 200,000, na mwaka 2023 zaidi ya 180,000. Tanzania bado imo katika orodha ya nchi zinazopewa kipaumbele na Shirika la Afya Duniani. Ugonjwa ukiwa adimu, macho nayo husahau: mzazi hawazi, muuza dawa hawazi, na hata tabibu kijana anaweza kuona choa pasipo choa.

Pia ugonjwa wenyewe ni wa polepole. Kijidudu cha ukoma huchukua takriban wiki mbili kujigawa mara moja tu, na tangu mtu aambukizwe hadi baka lionekane hupita wastani wa miaka 5, wakati mwingine hata 20. Hauambukizi kwa kushikana mikono wala kula pamoja mara moja. Huaminika kuenea kwa njia ya hewa, kwa kukaa karibu muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, na watu walio wengi mno miili yao ina kinga ya asili dhidi yake.

Na vidole je? Wengi huamini ukoma hula vidole. Sivyo. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu, mkono ukafa ganzi. Mtu akashika sufuria ya moto asisikie, akakanyaga msumari asijue, kidonda kikaoza bila maumivu ya kumwonya. Majeraha hayo ndiyo yanayopunguza vidole. Kwa hiyo tuliyoambiwa utotoni kuhusu babu hayakuwa uongo mtupu: aliungua kweli, ila hakusikia.

Basi tujue namna ya kutofautisha. Magonjwa mengi ya ngozi hupiga kelele. Upele huwasha, hasa usiku, na huenea kwa watu wa nyumba nzima. Choa huwasha, na mara nyingi kina ukingo kama pete. Mapunye ya watoto hukata nywele na kuacha magamba kichwani. Balanga huwa jeupe kabisa, lakini ukiligusa mtu anahisi. Hayo nayo yana matibabu yake, na yasipopoa ndani ya wiki chache, au yakitoa usaha, au mtoto akipata homa, mpeleke kwa mganga.

Baka la ukoma ndilo linalokaa kimya. Limefifia au lina wekundu, haliwashi, haliumi, mara nyingi halitoki jasho, na vinyweleo vyake hupukutika. Unaweza kulijaribu nyumbani: mwambie mtu afumbe macho, mguse kwa ncha ya pamba mara kwenye ngozi nzima, mara kwenye baka, naye aonyeshe kwa kidole ulipomgusa. Asipohisi kwenye baka, safari ya kituo cha afya ni siku hiyohiyo. Nenda pia ukiona nyusi zinapukutika, uvimbe kwenye ndewe za masikio, ganzi mikononi au miguuni, au vidole vinavyokosa nguvu. Hata pamba ikihisiwa, baka lililokaa miezi bila kusikia dawa lionyeshwe kwa mtaalamu. Kila wilaya ya Tanzania Bara ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachofundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kwa mama aliyeniandikia: mpe mwanao vidonge mpaka pakiti ya mwisho. Akisikia maumivu ya mishipa, au mkono ukilegea ghafla, hata katikati ya matibabu, mrudishe hospitali mara moja, maana ipo dawa ya kuiokoa mishipa kama haijachelewa. Omba na ninyi wa nyumbani mpimwe. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja ya kinga kwa wanaoishi na mgonjwa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu njia hiyo.

Na jambo la mwisho, mama, ambalo halimo katika pakiti ya dawa. Usimtengee mwanao kikombe. Babu yangu mdogo alipona ukoma akiwa bado kijana, akaishi miaka mingi baada ya hapo, lakini alikufa akinywea kikombe chake peke yake. Kijidudu kilikwisha kufa siku nyingi. Kilichobaki kilikuwa sisi.