Kompyuta ya kioo: tulipe ziada au tuache?



Wiki iliyopita tulikaribia kugombana. Tumechanga pesa miezi mingi ili kundi lipate kompyuta moja ya kuandikia CV na kusomea kwenye intaneti. Kule Kamembe tukaonyeshwa mbili za mkono wa pili, na fundi anasema ndani zinalingana. Moja ni ya bati jeusi. Nyingine ubavu wake ni kioo, feni zinawaka nyekundu na buluu. Ziada ya bei yake ingetosha betri ya kuilinda mashini umeme ukikatika. Na umeme unakatika, si mnajua! Nusu yetu bado wakasema: kioo.

Basi tukaenda kutafuta hii mambo ilivuma vipi.

Mwaka 1998 Apple, iliyokuwa imetoka kwenye hasara kubwa, ilitoa iMac ya rangi ya bahari, unaona ndani kupitia plastiki. Timu ya Jony Ive ilienda hadi kiwanda cha pipi kujifunza rangi zinazopitisha mwanga. Inasemekana kasha peke yake liligharimu zaidi ya dola 60, mara tatu ya kasha la kawaida. Lakini mashini nzima, na skrini yake na modemu, iliuzwa dola 1,299, na hiyo kwa Apple haikuwa ghali. Mwaka ukiisha, karibu 800,000 zilikuwa zimeuzwa.

Mwaka 2000 wakaleta G4 Cube, mchemraba ndani ya plastiki angavu. Dola 1,799! Yaani 200 zaidi ya Power Mac ya nguvu ileile, ambayo tena ilikuwa na nafasi ya kuongeza vipande. Wateja wakaona mistari kwenye plastiki, wakadhani ni nyufa. Julai 2001 ikasimamishwa. Kwa hiyo uzuri watu waliupenda, ila walipodaiwa pesa ya uzuri peke yake, wengi walikaa na pesa zao.

Kuna kitu kingine. iMac iliingia madukani tarehe 15 Agosti 1998. Tarehe 2 mwezi uleule vita vilianza Goma na Bukavu, hapo ng'ambo ya Ruzizi. Hatusemi kompyuta ilileta vita. Lakini mwaka 2000 bei ya tantalamu, inayotoka kwenye koltani na kuwekwa kwenye vipande vidogo vya kompyuta na simu, ilipanda mno, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza jinsi madini yetu yalivyoporwa na kulisha vita. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alichimba koltani, alituambia: "Mimi sihitaji kioo ili nijue kilichomo."

Kikao kikanyamaza kidogo.

Jumamosi tunarudi Kamembe na bisibisi. Tutaomba ile nyeusi ifunguliwe, tuangalie RAM na diski, tuiwashe nusu saa tuone kama inapata joto. Wa upande wa kioo wanakuja pia, ila wamesema hawajashindwa.