Ngazi na Chumba cha Kulala katika Historia ya Mbwa Wakubwa wa Ulaya

Katika nyumba nyingi za Ulaya ya Magharibi leo, mbwa mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi hupanda ngazi jioni pamoja na wenye nyumba, akajilaza kando ya kitanda, na pengine juu ya kitanda chenyewe, wala hapana anayeona kuwa jambo hilo linahitaji maelezo. Desturi hiyo, kwa sura yake ya sasa, si kongwe. Kwa karne nyingi mbwa aliyeruhusiwa kulala karibu na binadamu alikuwa yule mdogo wa kupakatwa mapajani, ilhali mbwa mkubwa, aliyefugwa kwa ajili ya kuwinda nguruwe mwitu, kulungu na mbwamwitu, alikuwa na makao yake bandani, uani, au kwa hisani kubwa katika ukumbi wa chini. Na pale alipoingizwa chumbani, aliingia kwa kazi maalumu iliyojulikana na kila mtu wa nyumba ile.

Ili kuelewa jambo hili, yafaa kwanza kukumbuka kwamba chumba cha kulala, kwa maana ya mahali pa faragha penye mlango unaofungwa, kilikuwa anasa ya wachache katika Ulaya ya zama za kati. Maisha ya nyumba ya bwana yalipita katika ukumbi mmoja mkubwa, ambamo watu walikula, walihukumiana na, kwa walio wengi miongoni mwa watumishi, walilala pia. Mbwa walikuwamo humo humo, wakiokota mifupa chini ya meza juu ya sakafu iliyotandikwa matete. Msomi Mholanzi Erasmus, aliyepata kuishi Uingereza, alimwandikia daktari wa Kardinali Wolsey barua akilalamikia sakafu hizo, ambazo matete yake yaliachwa kwa miaka yakifunika mate, matapishi na mikojo ya mbwa na ya watu. Mbwa wa ukumbini, basi, hakuwa amepewa heshima yoyote. Alikuwa tu mahali ambapo kila mtu alikuwa.

Mbwa wa thamani hasa, yaani wale wa uwindaji, walilazwa kwingine na kwa uangalifu mkubwa zaidi. Gaston, mtawala wa Foix kusini mwa Ufaransa, aliyeanza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka 1387, alieleza jinsi banda la mbwa linavyopaswa kujengwa, lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, majani makavu ya kulalia, na uwanja wa kuotea jua. Alielekeza pia kwamba mtoto wa kiume alale humo usiku pamoja na mbwa ili kuwazuia wasipigane, na agizo hilo likarudiwa katika tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa mwanzoni mwa karne ya 15 na Edward, mtawala wa York. Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa: mbwa mkubwa na binadamu walilala pamoja tangu zamani, lakini ni binadamu, tena maskini na mdogo wa umri, aliyepelekwa kulala kwa mbwa. Historia za uwindaji huupita usiku wa watoto hao kwa haraka mno, kana kwamba walikuwa sehemu ya vifaa vya banda.

Jumba la kifalme lilipoanza kujali usafi na utaratibu, mpaka kati ya mbwa mdogo na mbwa mkubwa uliandikwa rasmi. Kanuni za nyumba ya Mfalme Henry VIII, zilizotolewa Eltham mwaka 1526, zilipiga marufuku mbwa wa kila aina ndani ya jumba, isipokuwa mbwa wadogo wa akina mama, na waliobaki walitakiwa kuwekwa mabandani ili nyumba idumu kuwa safi. Miaka 44 baadaye daktari John Caius, katika kitabu chake cha Kilatini juu ya mbwa wa Uingereza, aliwashutumu wanawake wa tabaka la juu kwa kuwakumbatia mbwa hao wadogo vitandani na vifuani. Shutuma yake ni ushahidi kwamba desturi ilikuwa imekwisha kuenea kwa mbwa wadogo. Mbwa mkubwa hakuhitaji kushutumiwa, kwa sababu hakuwapo huko.

Mahali alipokuwapo ni Ujerumani. Tangu karne ya 16 watawala wa Kijerumani walikuwa wakiagiza kutoka Uingereza mbwa wa miraba minne, warefu wa miguu na wapana wa vifua, kwa ajili ya kumkamata na kumshikilia nguruwe mwitu hadi mwindaji afike na mkuki, na kufikia karne ya 17 walikuwa wakiwazalisha wenyewe katika makasri yao. Kazi ya kumkabili nguruwe iliua mbwa wengi, nao waliotumwa mbele walikuwa wale wasiosikitikiwa sana. Wale wakubwa na wazuri kuliko wote walitengwa, wakaitwa Kammerhunde, yaani mbwa wa chumba, nao walivishwa kola zilizopakwa dhahabu na kuwekewa mahameli kwa ndani, kisha wakalazwa katika chumba cha kulala cha mtawala ili wamlinde dhidi ya wauaji. Chini yao kwa daraja walikuwapo Leibhunde, mbwa wa kumlinda bwana mwenyewe katika safari na uwindaji, ambao kola zao zilikuwa za fedha.

Hofu iliyomwingiza mbwa huyu chumbani haikuwa ya kubuni. Mwaka 1572, katika vita vya Waholanzi dhidi ya Wahispania, askari wa Kihispania walivamia kambi ya William wa Orange usiku karibu na mji wa Mons, na mwanajeshi wa Wales, Roger Williams, aliandika kwamba William aliokolewa na mbwa wake mdogo, aliyebweka na kumkwaruza usoni mpaka akaamka. William aliuawa hata hivyo mwaka 1584, mchana, nyumbani kwake Delft, naye Mfalme Henry III wa Ufaransa alichomwa kisu mwaka 1589 na mtawa aliyekaribishwa mbele yake. Katika karne ambayo mfalme aliweza kuuawa na mtu aliyepita milango yote kwa ruhusa, mlinzi asiyeweza kuhongwa wala kushawishiwa na mahubiri alikuwa na thamani ya pekee. Mbwa mdogo alitosha kuamsha, lakini aliyetakiwa ni yule awezaye kuamsha na kuangusha. Kwa hiyo mbwa mkubwa wa kwanza kupewa chumba cha kulala kwa haki yake alikuwa mtumishi wa zamu ya usiku, na dhahabu iliyokuwa shingoni mwake ilikuwa alama ya cheo kama ilivyo alama begani mwa askari.

Uingereza ilifuata njia nyingine, na njia hiyo ilitokana na seremala zaidi ya mwindaji. Ngazi za ngome na nyumba za kale zilikuwa za mawe, nyembamba, zikizunguka nguzo moja ndani ya mnara, na vidato vyake vilivyochongoka upande mmoja havikumpa mbwa mrefu nafasi ya kuweka miguu minne kwa utulivu. Mwishoni mwa karne ya 16 mafundi walianza kujenga ngazi mpya za mbao, pana, zenye vidato vifupi na mapumziko kila kona, zilizokusudiwa kumpandisha mgeni wa heshima kwa mwendo wa taratibu hadi vyumba vya fahari vya ghorofa ya kwanza. Ngazi iliyomfaa mgeni ilimfaa na mbwa. Mbwa aliyelala ukumbini aliweza sasa, kwa mara ya kwanza, kupanda bila shida hadi kwenye mazulia, mapazia ya kufumwa na vitanda vya hariri.

Jibu la mafundi lilikuwa mlango wa mbwa, yaani jozi ya malango mafupi ya mbao yaliyowekwa chini ya ngazi na kuchongwa kwa nakshi sawa na za mikono ya ngazi yenyewe. Mfano unaojulikana zaidi uko Hatfield House, kaskazini mwa London, jumba lililojengwa kati ya 1607 na 1611 na Robert Cecil, waziri mkuu wa Mfalme James I. Vyumba vya juu vya Hatfield viliandaliwa kwa ajili ya kumpokea mfalme, naye Cecil hakutaka mbwa wa uwindaji wavifikie. Milango kama hiyo ipo pia Slyfield, katika jimbo la Surrey. Ni kazi nzuri ya mikono, na uzuri wake unaonyesha kwamba kumzuia mbwa kupanda hakukuwa jambo la aibu la kufichwa nyuma ya nyumba, bali sehemu ya adabu ya mlango mkuu, iliyoonekana na kila mgeni aliyeweka mguu kwenye kidato cha kwanza.

Kuzuiwa huko hakukumaanisha kudharauliwa. Louis XIV alikuwa na chumba maalumu cha mbwa katika kasri la Versailles, karibu na vyumba vyake binafsi, ambamo aliwalisha mbwa wake wa uwindaji kwa mkono wake. Huko Goodwood, kusini mwa Uingereza, mtawala wa Richmond alijengewa mwaka 1787 mabanda ya mbwa na msanifu James Wyatt, yenye mfumo wa kupasha joto ambao nyumba kubwa ya bwana mwenyewe haikuwa nao bado. Mbwa wa Goodwood walilala vizuri kuliko watumishi wengi wa enzi hizo, lakini walilala nje.

Karne ya 19 ndiyo iliyobadilisha hisia. Mwandishi Mskoti Walter Scott alimweka Maida, mbwa wake mrefu wa kuwinda kulungu, katika chumba cha kuandikia huko Abbotsford, na Maida alipokufa mwaka 1824 alizikwa chini ya sanamu yake mwenyewe mbele ya mlango wa nyumba. Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliandamana na Tyras, mbwa wa uzao ule ule wa mbwa wa chumba, ambaye magazeti yalimpa jina la Mbwa wa Dola. Wakati huo huo uzao huo ulipata jina rasmi: kamati iliyokutana Berlin mwaka 1878 iliamua waitwe Deutsche Dogge, yaani jibwa la Kijerumani, ingawa Waingereza walishika jina la Great Dane linaloitaja Denmark, na chama cha wafugaji wake kikaundwa mwaka 1888. Kazi ya kumkamata nguruwe ilikuwa imekwisha, na ya kulinda usingizi wa wafalme vilevile. Mbwa alibaki, na wapenzi wake walianza kumtaka kwa ajili ya ukaribu wake tu.

Vizuizi viwili vilisimama kati ya ukaribu huo na kitanda. Cha kwanza kilikuwa kichaa cha mbwa. Mshairi Byron alimpoteza Boatswain, mbwa wake mkubwa wa jamii ya Newfoundland, kwa ugonjwa huo mwaka 1808, na Thomas Moore, rafiki yake aliyeandika wasifu wake, anasimulia kwamba Byron, bila kujua hatari, alimfuta mbwa huyo mate kwa mkono mtupu. Ni mapenzi ambayo yangeweza kumuua. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Na Uingereza, kwa sheria za kuwafunga mbwa midomo na kuwatenga wanaoingia kutoka ng’ambo, iliutokomeza ugonjwa huo mwaka 1902, ukarudi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ukatokomezwa tena mwaka 1922.

Kizuizi cha pili kilikuwa kiroboto, na hapa Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa haki. Unga uliotumika kwa muda mrefu katika nyumba za Ulaya kuua viroboto ulitokana na maua ya pareto, ambayo awali yalitoka Dalmatia na Japani. Kuanzia miaka ya 1930 nyanda za juu za Kenya zilichukua nafasi ya mbele katika kilimo chake, na nyanda za juu za kusini za Tanzania nazo zikaingia. Mkulima aliyechuma maua hayo hakuwa na sababu ya kujua kwamba jasho lake lilisaidia kumfungulia mbwa mlango wa chumba cha kulala upande wa pili wa dunia, lakini ndivyo ilivyokuwa, mpaka dawa za kudondoshwa shingoni zilipoingia sokoni katika miaka ya 1990.

Mbwa alipokwisha kupanda, swali liligeuka. Zamani iliulizwa mbwa ataidhuru vipi ghorofa. Sasa inaulizwa ngazi itamdhuru vipi mbwa. Mwaka 1935 daktari wa mifugo Mmarekani Gerry Schnelle alieleza ugonjwa wa mbwa unaoitwa displasia ya nyonga, yaani kutolingana kwa kichwa cha mfupa wa paja na kikombe cha nyonga kinachokipokea, ambako hufanya kiungo kilegee, kisuguane na hatimaye kulemaa. Ugonjwa huo hurithiwa, nao huwashika hasa mbwa wa jamii kubwa, ambao hukua kwa kasi na kufikisha makumi ya kilo kabla mifupa haijakomaa. Mpango wa kukagua nyonga kwa picha za eksirei ulianza Uingereza mwaka 1965, na shirika la kazi hiyo likaundwa Marekani mwaka 1966. Urithi, hata hivyo, si sababu pekee. Watafiti wa Norway waliochapisha matokeo yao mwaka 2012, baada ya kuwafuatilia mbwa 501 wa jamii nne kubwa, waligundua kwamba watoto wa mbwa waliotembezwa kwenye ngazi tangu kuzaliwa hadi umri wa miezi mitatu walikuwa katika hatari zaidi ya kupata displasia, ilhali waliokimbia kwa hiari yao kwenye ardhi laini ya nje walikuwa katika hatari ndogo.

Kuhusu kitanda, utafiti wa Mayo Clinic wa mwaka 2017, uliowahusisha watu wazima 40 na mbwa wao, ulionyesha kuwa mwenye mbwa aliyelala chumbani lakini si kitandani alitumia asilimia 83 ya muda wake wa kitandani akiwa usingizini kweli, na kwamba kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 80 mbwa alipopanda kitandani. Tofauti ni ndogo, na mahali alipolala Kammerhund wa kale, chumbani lakini si kitandani, panabaki kuwa mahali pazuri. Lakini kwa mtoto wa mbwa wa jamii kubwa ushahidi wa Norway hauachi nafasi ya kusitasita. Anayemlea anaombwa aurudishe mlango chini ya ngazi kwa miezi mitatu ya kwanza, ampeleke nje kwenye majani akakimbie, na ikiwa hawezi kuvumilia kumwacha peke yake usiku, ashuke yeye akalale chini.